Mtihani wa Kibuyuni

Ami yangu Abdulwahab ana tabia ya kukohoa kabla hajatamka "chuo kikuu". Hukohoa, huiweka kofia yake sawa, kisha hulitoa neno hilo polepole, utadhani anakutunza dhahabu. Mimi limenichosha. Tangu ujumbe wa kuitwa kwangu uingie kwenye simu nimelisikia asubuhi na jioni, na kila nikilisikia nasonya.

Niseme mapema tusije tukaelewana vibaya: mimi Twaiba si mjinga. Nilimaliza kidato cha nne Msambweni nikapata alama ya B, na hakuna msichana wa darasa letu aliyenipita. Walioitwa vyuoni niliwaona wakirukaruka njiani kama waliokwisha ajiriwa, nami nikawacheka. Kozi niliyopewa ni Shahada ya Sayansi ya Mifumo na Uendelevu wa Mazingira ya Jamii, katika chuo kimoja cha bara huko baridini. Jaribu kuitamka bila kuvuta pumzi katikati. Aliyenichagulia ni kijana wa duka la kompyuta pale Ukunda. Alisema ile ya kwanza imejaa, ya pili hainikubali, lakini hii haina watu. Kwa nini haina watu hakuniambia, wala mimi sikuhangaika kumwuliza.

Jibu langu lilitakiwa kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni. Usipobonyeza mahali palipoandikwa "Kubali", nafasi hupewa mwingine, na kwisha habari yako. Mimi nilikuwa nimeshaamua kutobonyeza. Nitabaki hapa Kibuyuni na mama yangu tulime mwani. Mwani naujua. Nimeufunga miaka sita, tangu nilipokuwa na sare ya shule, na sikuhitaji mwalimu wa bara anifundishe bahari ya kwetu.

Tena nilikuwa na ushahidi. Swabir, mwana wa ami, alikaa chuoni miaka minne akarudi na shahada ya biashara na viatu vyenye ncha. Leo yuko Diani, anafungua geti la hoteli. Gari likija anafungua, likishaingia anafunga, na miaka minne ya kusoma haikuongeza hata kidogo wepesi wa lile geti. Ukimwuliza ami, atakwambia mwanawe yuko katika idara ya usalama. Atakwambia hivyo na uso mkavu, baada ya kukohoa.

Ushahidi wangu wa pili ulikuja wenyewe kwa miguu. Lakini kwanza uelewe kazi yetu. Mwezi ukiandama, na ukipevuka, huwa bamvua: maji hutoka mbali sana, na kwenye saa nne za asubuhi unatembea mahali ambapo alfajiri mashua zilipita. Hapo ndipo kina mama wa Kibuyuni wote wanapokuwa baharini, kila mmoja kwenye kamba zake, akivuna na kufunga miche mipya. Bamvua likipita hukaa nchi kavu, kwa kuwa siku za maji mafu bahari haitoki mbali, na kamba hazifikiki. Mtoto wa miaka mitano hapa kwetu analijua hilo.

Sasa mwaka jana, wakati wa kaskazi, mradi fulani ukatuletea mtaalamu. Japheth Mwinga, mzaliwa wa Samburu, kule Kinango kwenye barabara ya malori, ambako maji hufuatwa na punda. Mtu amekulia kati ya mbuzi, akaenda kusomea bahari. Akatuita mafunzo saa nne asubuhi, na siku aliyoichagua katika siku zote alizoziumba Mola ikawa siku ya bamvua. Alipanga viti vya plastiki kwenye banda la kina mama, safu kwa safu, akabandika makaratasi ukutani. Akaketi na viti vyake. Kijiji kizima cha wanawake kilikuwa majini, na kutoka kule tulimwona anasimama, anatazama saa, anaketi tena. Nilicheka hata nikaangusha kamba.

Alipochoka kuwasubiri watu wasiokuja, alivua viatu, akakunja suruali, akatufuata. Soksi hakuvua. Alikuja na soksi zake za kijivu juu ya mawe, anayumba, daftari kalishika juu ya kichwa lisilowe. Akamwendea mama yangu, Bi Mwanasha, kwa kuwa alikuwa karibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa."

"Naona. Mama, mbona kamba ile moja iko mbali na nyingine?"

Na hapo ndipo alipoanza. Mama, mbona huu umepauka? Mama, huu mche umeutoa wapi? Mama, nani alikufundisha? Aliuliza bila haya, mambo ambayo mtu mzima angeyanyamazia hata kama hayajui, ili asijiaibishe. Mama alimjibu yote, huku anafanya kazi, nami pembeni nafunga miche na kubenua midomo. Nilimnong'oneza, "Hebu mwone mchunga mbuzi." Mama akasema, "Funga kamba."

Akawa anakuja kila bamvua. Safari moja alinipigia simu kuniuliza maji yatatoka lini, nikampa siku ya maji mafu. Alifika, akakaa ufukweni mpaka adhuhuri, akaondoka. Niliona raha, sitasema uongo.

Akapata na mwenzake wa maswali. Rispah, mke wa jirani yetu, aliolewa hapa mwaka jana kutoka upande huohuo wa Kinango. Mumewe anafanya kazi Shimoni. Kabla ya hapo Rispah hakuwa amewahi kukanyaga maji ya chumvi. Alianza kumfuata mama kama kivuli, hiki nini, kile cha nini, mpaka nikamwita "Redio". Hakukasirika. Watu wa namna hiyo hawana hata akili ya kukasirika, ndivyo nilivyojiambia.

Basi, Jumatano ya wiki ile ami Abdulwahab alikuja nyumbani baada ya alasiri. Alikuwa na mpango mzima kichwani. Jumapili kutakuwa na dua ya kuniaga. Walimu wa madrasa watasoma, mbuzi atachinjwa, kina mama watapika pilau, na mimi nitaketishwa mbele nimevishwa shada la maua shingoni kama mtu aliyerudi Hija. Watu ameshawaalika. Hakuna aliyemwambia kwamba nimekubali, lakini watu ameshawaalika.

"Ami," nilisema, "heshima yako iko palepale, lakini mimi siendi."

Akakohoa. "Chuo kikuu, Twaiba, ni ufunguo."

"Ufunguo wa geti?"

Mama alikuwa anammiminia chai, akaendelea kumimina.

"Unataka kuozea baharini na magunia ya majani?" ami aliuliza.

"Swabir anaozea juani na filimbi. Mimi nina kazi ninayoijua. Yeye alisoma miaka minne ili awapigie saluti wageni waliovaa kaptula. Mnatuma watoto huko ili mpate la kusema harusini, basi. Mkiulizwa wamesomea nini, hamjui. Mkiulizwa wanafanya nini, mnadanganya."

"Twaiba," mama alisema. Neno hilo moja tu.

Ami aliiweka chini chai yake kabla ya kuimaliza. Uso ulikuwa umemshuka, na kwa mara ya kwanza hakukohoa. "Shemeji," alimwambia mama, "wewe ndiye mzazi. Sema."

"Kesho nina kuanika," mama alijibu. "Nikimaliza kuanika nitasema."

Ami akaaga, akaenda zake. Nililala na furaha. Mama yangu sijawahi kumsikia akikisifu chuo chochote. Darasa la tatu ndilo alilolifikia, na mikono yake ndiyo iliyonisomesha. Nilikuwa na hakika yu upande wangu. Angeanika, angesema, na ami angekwenda kumrudisha mbuzi wake.

Alhamisi asubuhi tulikuwa kwenye vichanja, mama, mimi na Rispah, tunatandaza mwani tuliouvuna bamvua lililopita. Pikipiki ikaja, na nyuma yake Japheth, kaoga, kachana, kashika bahasha. Akamwamkia mama, akatoa kijitabu chembamba, akampa kwa mikono miwili.

"Kimetoka, mama. Nimekuletea chako kwanza. Vingine navipeleka Wasini."

Mama alijifuta mikono kwenye kanga, akakipokea. Juu palikuwa na picha ya mgongo wake ameinama majini. Ndani ni Kiingereza kitupu. Japheth akaniuliza habari za chuo, nikamjibu, "Nzuri," nikatazama pengine. Akaenda zake.

Hapo moyo wangu ulifanya sherehe. Nimekupata leo, nilisema kimoyomoyo. Mwaka mzima amemkamua mama maneno, kayaweka kwenye daftari, na sasa kayatoa kwa lugha ambayo mama mwenyewe hawezi kuisoma, na jina lake Japheth kubwa juu. Hiyo ndiyo elimu yenu. Nikakichukua kijitabu. "Mama, nikusomee ulivyoibiwa."

"Nisomee," mama alisema, akaendelea kugeuza mwani.

Nikaanza, nikitafsiri sentensi kwa sentensi, kwa sauti ya kumwumbua mtu. Ukurasa wa kwanza nikakuta: Bi Mwanasha wa Kibuyuni anaeleza kwamba. Wa pili: Kwa mujibu wa Bi Mwanasha. Wa tatu hivyohivyo. Hapakuwa na ukurasa usiokuwa na jina lake. Sauti yangu ikaanza kupungua makali. Mama alisikiliza, mara anatikisa kichwa, mara anatabasamu peke yake. "Kumbe alisikia," alisema mahali pamoja.

Nikafika kwenye mambo ya samaki. Nikasoma kwamba Bi Mwanasha huacha kamba moja ya mwani mkongwe upande wa ufukweni, ili samaki wanaoitwa tasi wale hiyo na kuacha nyingine. Nikafunua ukurasa.

"Rudia hapo," mama alisema.

Nikarudia.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Pana nini?"

"Hapana kitu."

Rispah alikuwa upande wa pili wa kichanja. Hakuinua macho. "Ni upande wa nje, mama," alisema taratibu. "Kwenye maji makubwa. Tasi wanatokea huko. Ikiwekwa ufukweni, wataifikia wakiwa wameshazimaliza nyingine."

Mama akaitikia kwa kichwa.

Nikacheka. "Basi kakosea. Si nilikwambia ni mbumbumbu? Anasomea bahari, na kamba hajui iko wapi."

"Amekosea," mama alisema. "Nitampigia simu aitengeneze. Wewe je?"

"Mimi nimefanya nini?"

"Ile kamba unaipita kila bamvua. Miaka sita. Umeisoma hapa mara mbili, kwa mdomo wako, na hukuona kosa."

Kusema kweli, nilidhani ile kamba mama kaisahau. Mwaka juzi nilitaka kuikata nikaanikie nguo. Nilimwambia hivyo, nikitumaini atacheka. Hakucheka. Aliinama, akachukua fungu la mwani mbichi lililobaki ndooni, akachukua na kisu chake kidogo, akaniwekea vyote mkononi.

"Nikatie mche."

Nilitazama lile fungu. Kwetu sisi mama ndiye anayekata. Ananipa miche, mimi natia taitai, vile vikamba vidogo, nafunga. Ndivyo kazi yetu ilivyokwenda siku zote, na mimi ni mwepesi wa kufunga kuliko mtu yeyote pale. Nikakata kwenye shina nene, kwa kuwa niliona ndilo lenye nguvu. Rispah akageuza uso, ili nisione kwamba ameona.

"Hilo ni zee," mama alisema. "Halioti. Mwezi wa pili mwaka jana nilizihamisha kamba saba kuzipeleka mkondoni. Kwa nini?"

Hili nililijua. "Uligombana na Bi Jumwa. Habari za mpaka."

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu akafuta macho kwa ncha ya kanga, na kicheko kikamwisha.

"Maji ya huku yalikuwa yamepata moto, Twaiba. Mwani ulikuwa umeanza kupauka. Ningeuacha wiki moja zaidi, ungeanguka wote, na ada yako ya shule ingeanguka nao. Japheth aliniuliza siku ileile, nami nikamweleza. Ulikuwa umesimama pale pale. Ulikuwa unazicheka soksi zake."

"Basi nifundishe," nilisema. "Nipo. Sina haraka. Nifundishe sasa."

"Miaka sita nilikuwa nakata mbele ya macho yako, sikukuficha. Hukuniuliza hata mara moja. Nilikuwa nangoja. Nilisema mtoto huyu ana shule, akimaliza ataniuliza. Umemaliza, hukuniuliza. Amekuja mtu wa Samburu asiyejua kuogelea, akaniuliza. Amekuja huyu Rispah na mimba yake ya miezi mitano, akaniuliza. Wewe ulikuwa na kazi ya kuwapa watu majina."

"Kwa hivyo unataka niende nikafungue mageti kama Swabir."

"Swabir mwache. Swabir anaamka alfajiri, anakwenda kazini, na kila mwezi anamletea mama yake dawa ya sukari. Ulimwuliza lini habari zake? Jana umemvua nguo babaye mbele yangu, na maskini ya Mungu alikuja kukutakia kheri." Akageuza fungu jingine. "Unasema unataka kubaki kwa kuwa mwani unaujua. Huujui. Unataka kubaki kwa sababu hapa una watu wa kuwadharau. Huko hutakuwa nao. Huko mwenye soksi majini utakuwa wewe, na hilo ndilo unaloliogopa."

Nikalia. Si kilio cha mtu aliyeonewa, nakijua kile, nimekitumia sana. Hiki kilikuwa cha mtu aliyeshikwa. Nilikuwa naogopa tangu ile siku ujumbe ulipoingia. Naogopa darasa la watu waliopata alama kunishinda, naogopa Kiingereza changu, naogopa kuinua mkono na kusema sikuelewa. Nilikuwa nimeufunika woga ule kwa matusi, na mama alikuwa akiutazama muda wote bila kusema.

"Kozi yenyewe haina maana," nilisema kwenye kamasi.

"Ulimwuliza nani?"

Sikumwuliza mtu.

"Mimi chuo sijakiona," mama alisema. "Sitakwambia ni kizuri. Huenda ukarudi na karatasi ukakaa nayo, wengi wamekaa. Nilisema nikimaliza kuanika nitasema, basi nasema. Kufanya mwani kwangu ni lazima mtu afaulu, na wewe huku umefeli, mwanangu. Huko wamekuita."

Akarudi kwenye kichanja chake. Rispah alikuwa anageuza mwani uleule uliokwisha kugeuzwa.

Nilibonyeza Ijumaa saa nane, watu walipokuwa wakitoka msikitini, nikiwa bado nimekasirika. Halafu nikaenda kwa ami nikamwomba radhi. Alinisamehe upesi mno, akakohoa, akaenda kutangaza kwamba maneno yake ya Jumatano ndiyo yaliyonigeuza. Mwache aseme. Jumapili nililishwa pilau na kuvishwa maua, na watu wote wakanipongeza kwa kufaulu. Nikawaitikia. Mama aliketi na kina mama wenzake, na hakunisaliti.

Lilibaki bamvua moja kabla ya safari. Nikaenda nao majini. Tulipofika kwenye kamba mama alikitoa kisu, nami nikanyoosha mkono bila kufikiri. Akampa Rispah. Mimi akanipa taitai.

Nilifunga kamba nzima. Rispah alikuwa anakata kando yangu, tumbo limemtangulia, upesi, bila kubahatisha. Nikamgeukia mama nikamwuliza ni kwa nini mche hukatwa kwenye ncha changa na si kwenye shina.

"Mwulize Rispah," mama alisema, wala hakuinuka.

Nikamgeukia Rispah, nikamwuliza.